Kicheko cha Mwalimu Chupa

Jumamosi, 4 Mei

Leo mdomo wangu umeuza feni zote, hadi ile inayolia kama kuku anayetaga. Bosi kaniangalia, katikisa kichwa, kaingia ndani. Kwa yule mtu, hapo ndiyo kanisifu! Duka la jirani wameleta spika kubwa kama kabati, muziki kutwa nzima. Wapi bwana. Mimi na kipaza sauti changu kilichofungwa kwa raba nimewafunika mapema. Mpita njia akishanisikia hapiti tena. Ananunua.

Jioni nimemkuta dada sebuleni anajirekodi kwenye simu. "Chukua chupa safi. Mimina siki." Sauti kama anasoma majina ya waliofeli! Nikamwambia hivyohivyo. Kanirushia mto.

Kumbe ni mambo ya ile tovuti anayoisifia kila siku. Dada ni mwalimu wa sayansi. Huko walimu wanamwaga masomo yao bure — video, picha, majaribio — na mwalimu mwingine popote alipo anajichotea. Hulipi, hupigi magoti. Ila mengi ni ya Kiingereza, tena yanataka vifaa ambavyo shule yake haijawahi hata kuviota. Kwa hiyo anatengeneza ya kwetu, ya chupa na maputo.

Nikachungulia video yenyewe. Meza na mikono tu. Lakini ile mikono! Kidole gumba kina kovu la moto, vumbi la chaki limejaa kwenye mikunjo. "Mwalimu Chupa!" nikapiga kelele. Dada kasema nishushe sauti, majirani wana watoto.

Mwalimu Chupa alimfundisha dada, miaka ikapita, akanifundisha na mimi. Tuseme alijaribu.

Jumatatu, 6 Mei

Nimemuuliza dada kwa nini Mwalimu asiongee mwenyewe. Mtu yule! Akisema "simameni" kwetu, darasa la pili kutoka letu nalo linasimama. Dada kaiweka simu chini. Kasema mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa koo. Kapona, anakula, anatembea. Sauti haikurudi. Siku hizi anaandika kwa chaki kwenye kibao kidogo cha wajukuu. Anachotaka sasa ni majaribio yake yote yawekwe huko kwenye tovuti, mtoto yeyote ayaone, hata yule ambaye shule yake haina mwalimu wa sayansi.

Sikujua. Mimi si niliacha shule kidato cha pili? Nani aniletee habari za walimu?

Kutwa dukani yeye tu kichwani. Nimetangaza pasi nikasema ni redio. Nilikuwa nasikia lile begi lake la chupa linavyokuja likigongana, unalisikia kabla hujamwona, hata mtoro anarudi kwenye kiti chake mbio. Darasa zima linanuka siki. Anavisha puto mdomoni mwa chupa, anainama hadi macho yawe sawa nalo, anasema: "Msiniamini mimi. Aminini macho yenu!" Magadi yanadondoka ndani, povu linapanda, puto linavimba. Na hapo sasa — kicheko! Jaribio lilelile kila mwaka, na kila likikubali anacheka kama ndiyo mara ya kwanza duniani. Kinaanzia chini, kinapanda kama ndoo ya kisimani, kikifika juu kinamwagika. Hata aliyekuwa na njaa anacheka. Hata mimi niliyekuwa nimekasirika na dunia nzima nacheka.

Wa hesabu simkumbuki hata sura. Kicheko kile bado nakisikia.

Alhamisi, 9 Mei

Dada kanipa simu yake niibadilishie kava, mimi nikaingia kwenye tovuti. Nilitaka tu kumtania. Nikakuta maabara ndani ya skrini! Unavuta waya kwa kidole, betri hapa, taa pale, unaunganisha — inawaka! Nikarundika betri, taa ikalipuka. Na hakuna anayekudai taa! Chai yangu imepoa. Dada kauliza kava limefika wapi. Nikamwambia subiri mama, niko maabara. Kacheka hadi kaishiwa nguvu.

Basi kaifungua video ya puto, isiyo na sauti bado, tuone kama imekaa sawa. Mikono ikaanza kumimina siki. Sijui nini kilinishika. Nikafungua mdomo nikamtoa Mwalimu. Si kuiga kwa kubahatisha — mwenyewe! Zamani akitoka darasani kidogo tu nilikuwa namtoa hivyo, nusu ya darasa wanasimama wima. "Msiniamini mimi!" Nikaitupa karatasi ya dada, maelezo yake yalikuwa na usingizi, nikaweka ya kwangu. Puto lilipovimba nikakiachia kicheko chote, hadi kikamwagika.

Nikageuka kuukwepa mto. Hakurusha. Machozi yanamtoka na huku anatabasamu kama mtoto wa kidato cha kwanza, mwenye sare mpya. Kasema rudia, nirekodi. Nimerudia mara moja. Ya pili ya nini? Mimi huyu!

Ijumaa, 10 Mei

Dada kaipandisha. Nikamuuliza, Mwalimu anajua? Kasema atamwambia Jumapili akienda kurekodi mikono mingine. Kasema haraka mno. Namjua huyu.

Jumanne, 14 Mei

Jamani, mambo yamekuwa makubwa! Video imechukuliwa na walimu wa miji ambayo dada mwenyewe hajui ilipo. Mmoja kaandika kuwa watoto wake wamecheka kabla Mwalimu hajamaliza kucheka, wakagoma kutoka hadi warudishiwe. Mwingine kaandika: mfikishieni mzee wetu asante, sauti yake peke yake inafundisha.

Sauti yake. Wanadhani ni yake!

Dukani nimevimba kuliko lile puto. Kila mteja namwona hajui anaongea na nani. Maana kelele zangu za maisha yote huishia barabarani. Mtu akikata kona zimekwisha. Hii imekaa. Saa hii ninapoandika kuna kitoto mahali fulani kimekodoa macho, na mimi ndiyo namwambia asiniamini.

Halafu jioni dada kanikalisha. Jumapili hakusema. Alikwenda na maneno yote mdomoni, Mwalimu akamwandikia kibaoni, nani atasoma maelezo? Yeye akajibu tutaona. Mtu mzima, mwalimu wa watu, anaogopa kama hajafanya kazi ya nyumbani! Sasa Jumapili hii tunakwenda wote wawili. Mwalimu akikataa, video inashushwa, na majaribio yake mengine yote yatasomwa na dada, kwa sauti ya waliofeli.

Nimemwambia mimi sina wasiwasi hata chembe.

Ninao. Mtu kapoteza kitu chake, kakitafuta, kakikosa, kazoea. Halafu siku moja anakikuta mdomoni kwa mtu mwingine — na huyo mwingine ndiyo mimi! Ningekuwa yeye ningekasirika? Sijui. Ila sitaki kicheko kile kishushwe. Hiyo najua.

Jumapili, 19 Mei

Naandika nikiwa kwenye kochi la Mwalimu. Sitaki kusahau kitu, halafu pia sina pa kuweka mikono.

Kapungua. Shati lilelile la mistari lakini shingo inacheza ndani yake, na kitambaa kimefungwa kooni. Nikasema shikamoo. Kanitazama, kachukua kibao, kaandika neno moja: DIRISHANI. Nilipokuwa nakaa! Nikacheka, nikasema Mwalimu umenikumbuka kwa uzuri au kwa ubaya? Akalifuta tu.

Dada alijaribu kueleza. Yakamshinda. Akaweka simu mezani, akaiwasha video.

"Msiniamini mimi!" Mwalimu hakusogea. Anaangalia mikono yake kwenye skrini, halafu mikono yake mapajani. Kikaja kicheko. Huko jikoni kitu kikaanguka chini pwaa, na mkewe akaja mbio, mikono imejaa povu, analiita jina la Mwalimu — jina lenyewe, ambalo sisi hatujawahi kulisikia. Akafika, akamkuta mumewe kafunga mdomo na kicheko kinaendelea mezani.

Sijawahi kuona uso ukizimika vile.

"Nani kafanya hivi?"

Dada hakunitaja. Nikainua mkono mwenyewe kama niko darasani.

"Wewe mwanangu, wewe." Hakufoka. Bora angefoka. "Mwaka mzima nasikiliza nyumba ilivyo kimya. Nimeanza kuzoea. Futeni. Sasa hivi."

Nikasema ndiyo, mama. Dada akachukua simu. Mwalimu akamshika mkono, akazungusha kidole: rudisha. Tukarudisha. Kasikiliza hadi mwisho. Akainyakua simu, akairudisha mwenyewe, palepale baada ya kicheko, sikio limegusa kioo. Tena. Mama mlangoni, hakai, haondoki. Kisha Mwalimu akachukua chaki. Nikasema basi, hukumu yangu hiyo. Akaandika polepole, akatugeuzia kibao:

HEWA HAINA UZITO?

Yesu na Maria! Maneno yangu! Nikiwa na raha zangu nimeropoka pale mwisho kwamba lililomo ndani ya puto ni hewa tu, na hewa haina uzito. Dada kajifunika uso. Na yeye ndiye aliyeipandisha! Kasema hakuyasikia, alikuwa anasikiliza kicheko. Mama kasikia kicheko. Walimu wa miji yote ile wamesikia kicheko. Mzee huyu peke yake kasikia somo.

Nikajitetea. Nikasema Mwalimu, siku ya somo hilo ulikuwa umenitoa nje. Dada kanifinya. Mwalimu kanitazama weee. Mabega yakatikisika. Anacheka au ana hasira? Hakuna sauti ya kukuambia. Kainuka, kaingia chumba cha nyuma.

Ndipo tulipo sasa. Makabati yanafunguliwa, kitu kizito kimeburutwa. Povu limekauka mikononi mwa Mama. Nimemuuliza kwa adabu, mama, tufute? Anausikiliza ule mlango.

Katoka! Ana rula ndefu ya ubaoni, uzi na maputo mawili. Kayapuliza yote mwenyewe, taratibu, kwa kupumzika, dada alitaka kumsaidia kamkatalia. Kafunga moja huku na moja kule, kaining'iniza rula katikati kwenye misumari ya dirisha. Inapepesuka. Imetulia. Sawasawa kama mizani: anataka kuipima hewa! Kabandika kipande cha utepe wa gundi kwenye puto moja, lisipasuke likitobolewa, kamwashiria dada ashike simu. Ana pini mkononi.

Sasa ananiita mimi. Si hapa kochini — pale, karibu na rula, ubavuni kwake. Mama kasema, "Mzee wangu, unataka nini tena na huyu mtoto?" Hakugeuka. Kainama, macho sawa na puto, na ananiangalia mdomo, kama anaungoja uanze.

Niweke kalamu. Ananisubiri. Mama kaanza kuja, kanyoosha mkono kuelekea kwenye simu — sijui anakwenda kuizima au anataka kuishika yeye, dada akae pembeni. Naenda.