Haikuwa Ngiri, Kaka

Leo mwaka umetimia, kaka, tangu ututoke ukiwa na miaka thelathini na minne.

Ulikuwa fundi makochi. Misumari unaijaza mdomoni na bado unapiga soga, mpaka wateja roho juu. Chochote ulichokikuta ndani ya kochi la mtu, hereni, funguo, hata meno ya bandia, ulikirudisha mwenyewe kwa miguu. "Mzee wa watu anatafunia nini saa hizi?" ukasema, huyo ukatoka mbio.

Ila nina hasira, kaka, siwezi kuficha.

Ulipovimba kinena cha kulia, baba mdogo alicheka. "Karibu chamani! Ngiri hiyo. Babu yako alikuwa nayo, mimi ninayo." Akavua mkanda wake wa ngiri, akakufunga. Akasema wanawake wasiambiwe, mambo ya kiume haya. Na wewe ukakubali! Mkeo ukamwambia ni mgongo.

Siku ya tatu unatapika, unachemka homa, uvimbe mgumu, hata ukilala haurudi ndani. Ukaninong'oneza, "Dogo, hii sio ngiri." Tukakupeleka zahanati. Daktari wa pale akauliza unaumwa nini. Hujafungua mdomo, baba mdogo kashajibu: "Ngiri, tunaijua, ya ukoo." Daktari akaandika ngiri. Hakukulaza, hakukugusa tumbo. Mimi nilikuwa nimekushika kwapani, nikanyamaza.

Hospitali kubwa tulifika jioni ile, tumechelewa. Wakasema kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka kitambo, usaha ukateremka mpaka kinenani. Ndio ule uvimbe.

Msibani baba mdogo akasimama, akasema tumbo lilikuanza asubuhi ile ile uliyofariki, siku yako ilifika. Mkeo akaamini mwaka mzima. Juzi nimemwambia yote. Hakulia. Aliuliza tu, "Siku tatu? Na mimi namkanda mgongo?"

Unakumbukwa na mama yetu, mkeo, binti zako wawili, dada yetu mshonaji, na mimi mdogo wako. Mama alitaka baba mdogo naye aandikwe kwenye tangazo hili, eti ni damu yetu. Nikamwandika. Mkeo akachukua kalamu, akalikata jina lake, akanirudishia karatasi.

Hututoki moyoni, kaka. Hata siku moja.