Ndugu wa Ghorofani

Jumatatu, 4 Machi
Vioo vya miwani vya duka langu vimepelekwa ghorofani tena! Jina langu la ukoo na la fundi saa wa juu yanapishana herufi moja, na mleta vifurushi hana muda wa herufi. Mimi nimeachiwa boksi la mikanda ya saa. Nikapanda tubadilishane. Kanivutia kiti, kanisafishia saa yangu ya mkononi bila kuombwa. Nimekaa hadi mteja akaja kunitafuta hukohuko juu. Aibu!

Jumatano, 6 Machi
Vifurushi vimefika sawasawa. Nimesikitika — mtu mzima mimi! Nikapanda hata hivyo, eti saa inachelewa. Haichelewi. Akaifungua, akaitazama sana, akasema kweli inachelewa, abaki nayo. Mwongo mwenzangu. Nampenda. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 8 Machi
Mapenzi ni kikohozi, nami nimekohoa mbele ya shangazi. Nimemtajia jina la fundi saa! Kwa shangazi, kila mwenye jina linalokaribiana na letu ni damu yetu. Hata kile kituo cha reli chenye jina kama hilo, eti kilijengwa kwenye shamba la babu. Mwaka juzi alimkumbatia karani wa benki, akamwita mwanangu, kisa kibandiko cha jina kifuani. Sasa anashangilia: nimepata kaka mjini. Kaka! Kesho anakuja kuchukua miwani yake na kumwona "mtoto wetu." Akishatamka undugu, ukoo mzima hufuata. Na kwetu ndugu hawaoani. Chakula kimenishinda.

Jumamosi, 9 Machi
Niko nyuma ya pazia la dukani, kwenye birika. Shangazi yuko mbele na fundi saa, aliyeshuka kunirudishia saa yangu.

Shangazi kavaa miwani mipya, kamkagua fundi saa kama anayechagua nyanya sokoni. Kamwita mwanangu, tena mbele ya wateja. Damu nzito kuliko maji, anasema. Nikaona yameisha. Kisha akamuuliza jina kalitoa wapi.

Fundi saa akaeleza taratibu. Babu yake alikuwa mpiga kengele kwenye kituo kilekile cha reli. Alitoka mbali, jina lake halisi likawashinda watu, wakamwita kwa jina la kituo. Akalizoea, watoto wakarithi.

Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kwa hiyo wewe si ndugu yetu?"

"Hata tone, mama."

Alijibu huku ananitazama mimi. Sijaona mtu anayekana undugu kwa furaha namna ile. Na mimi, mjinga, nikacheka kwa sauti.

Shangazi akamtazama yeye. Akanitazama mimi. Akaitazama saa yangu, ambayo fundi alikuwa bado kaishika. Akaniambia nikaongeze chai.

Maji yamechemka zamani. Sitoki kwanza. Anamuuliza kama wazazi wake wote wapo, wanakaa wapi, na wageni huwa wanawapokea siku gani —