Neno la Sifa Lisilosifu

Izigo, mchana, maharage yakiwa motoni

Tata,

Baba yangu, nisamehe kwa kukawia kukuandikia. Tangu tukuzike kahawa imechumwa mara mbili, na sijakuandikia hata mstari mmoja. Karatasi nilikuwa nayo na wino nilikuwa nao. Nilikosa pa kuanzia. Bibi Mwalimu wa misheni, anayetufundisha akina mama Kiingereza, alituambia barua huanza kwa neno dear, na kwamba neno hilo lina maana mbili: mpendwa, na ghali. Nikarudi nyumbani nikiwaza, basi hilo ni lako kabisa. Ulikuwa mpendwa wangu, Tata. Na ulikuwa ghali. Sijui nianze na lipi.

Nisikuzungushe. Nimekuja kukuambia maana ya neno lako.

Unalijua. Lile la kwenye barua ya Bwana wako wa Bukoba, uliyempikia mpaka aliporudi kwao. Uliitunza ndani ya kopo la biskuti, na sisi watoto tuliruhusiwa kuigusa baada ya kunawa tu. He is honest, clean and willing, but an indifferent cook. Mstari huo niliujua kwa moyo kabla sijaijua Sala ya Bwana.

Aliyekusomea ni yule karani wa Miembeni, aliyekuwa akiwaandikia watu barua barazani pa duka. Mwaminifu, akasema. Msafi. Mwenye moyo wa kazi. Alipofika indifferent akakohoa, akasema, "Hili ni neno kubwa kidogo." Nawe kwa haraka zako ukamsaidia. In ni ndani, different ni tofauti, kwa hiyo Bwana anasema wewe ni tofauti na wapishi wengine, na tofauti yenyewe iko ndani! Ukacheka mpaka wapita njia wakageuka. Ulitusimulia hivyo mwenyewe, kila mwaka, na kila mwaka ulicheka upya.

Na ile but, Tata? Uliirukaje? Herufi tatu tu. Nilikuuliza nikiwa mtoto, ukasema Wazungu huweka lakini mbele ya jambo kubwa ili msomaji ashtuke. Nikakubali. Nimeisoma but darasani kwa Bibi Mwalimu mwezi wa kwanza tu, nimeiandika ubaoni kwa mkono wangu, na bado nilirudi nyumbani nikaitazama barua yako nisione kitu. Sikutaka kuona.

Ulinifundisha maneno ya sifa huku Mama akilima. Big, ukanionyesha mkungu. Small, kidole changu. Hot, uji. Rotten, ndizi iliyoanguka. Nilipokosea ulinigonga kichwani kwa kidole, si kwa nguvu. Siku nilipoyapata yote kumi uliniweka mabegani ukanizungusha kibanja kizima cha migomba ukipiga kelele, clever, clever, na mimi sikutaka kushuka. Hilo nalikumbuka pia. Leo nisingependa kulikumbuka.

Kwa Mama ulikuwa na maneno yake. Slow. Na chakula chake, common. Alikuuliza maana, ukamwambia ni majina ya heshima; hukumwambia ni mzito na cha hivi hivi.

Mpishi wa namna yako hashiki jembe, ulisema. Ukaenda Nshamba, ukaenda Muleba, ukarudi Bukoba, kila uliposikia kuna Mzungu mgeni. Anasoma, anakutazama, anakunja, anakurudishia. "Wananiogopa," ulituambia ukivua viatu. "Mpishi mkubwa humtia Mzungu mdogo tumbo joto." Mama akapalilia, akachuma kahawa, akapunguza migomba, mtoto mgongoni. Nilipomaliza darasa la nne, nikiwa wa pili, ulisema ningoje kidogo, ukipata kazi tu nitakwenda darasa la tano, shule ya bweni. Nikangoja. Nikaolewa ningali nangoja.

Mwaka wako wa mwisho, ulipokuwa huinuki kitandani, ukamfundisha Koku wangu yale yale. Sikukuzuia. Baba yake yuko Uganda anakata miwa, mimi nina huyu mdogo anayenyonya, nilishukuru kwamba kuna mtu wa kukaa na mtoto. Basi siku moja, wewe umeshakwenda, Bibi Mwalimu, ambaye hufundisha na watoto shuleni, akawaambia kila mmoja asimame amsifu mama yake kwa Kiingereza. Koku akasimama. Akanyoosha mgongo kama wewe. My mother is indifferent.

Bibi Mwalimu alikuja na baiskeli yake mpaka mlangoni. Akaniuliza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kupima: "Mama Koku, kuna shida nyumbani? Mtoto anasema wewe humjali."

Mimi, Tata. Mimi ambaye sijalala usingizi wa mfululizo tangu huyu mdogo azaliwe.

Nikamletea kopo. Akasoma barua, akafungua kamusi, nadhani apate tu mahali pa kuweka macho. Mtu akiwa indifferent, hajali. Mpishi akiwa indifferent, ni hafifu. Si mbaya wa kufukuzwa, wala si mzuri wa kutafutwa. Nikamwambia, lakini Bibi, darasani ulisema haya, kama big na small, ni maneno ya sifa. Akasema ndiyo, tunayaita hivyo yote, hata yasiyosifu.

Nilipanda lori la kahawa mpaka Miembeni, mtoto mgongoni. Karani yupo bado, macho yamemfifia. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikamuuliza kama alijua.

"Nilijua, mwanangu."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Alikuwa ameshacheka. Mtu ameshacheka vile, utamnyang'anya?"

"Na miaka yote iliyofuata?"

Akafuta kalamu yake kwa kitambaa, taratibu sana. "Kila mwaka ilizidi kuwa vigumu," akasema. Akanisogezea kahawa ya kutafuna. Sikuitafuna.

Sasa ikaja siku ya kusimika msalaba kaburini pako. Mama alikuwa ameshasema mapema: baada ya sala barua isomwe mbele ya ukoo, na msomaji niwe mimi, maana mimi ndiye ninayejua Kiingereza. Nilitembea na jambo hilo wiki mbili. Nikisoma kwa maana yako, nasema uongo mbele ya mchungaji, na Koku atalibeba neno hilo kama nilivyolibeba mimi. Nikisoma kwa maana yake ya kweli, nakuvua nguo juu ya kaburi lako. Nilipalilia nikiwaza hivyo, nikanyonyesha nikiwaza hivyo. Nilitamani ugonjwa unipate.

Haukunipata. Watu wakaja. Mchungaji akaomba. Shangazi, dada yako wa Nshamba, akaanza kelele zake: "Haya, soma, waitu, mwana wetu! Hasa lile la mwisho, ndilo kaka yangu mwenyewe! Na usimeze maneno kama baba yako alivyomeza pombe ya rubisi!" Watu wakacheka. Koku alikuwa mstari wa mbele, midomo ikitembea pamoja nami.

Mwaminifu, nikasoma. Wakaitikia, kweli. Msafi. Kweli. Mwenye moyo wa kazi. Hapo mtu mmoja nyuma akakohoa. Nikafika kwenye ile lakini. Safari hii sikuiruka.

"Lakini ni mpishi hafifu."

Kisha Shangazi: "Nini? Umesoma vibaya. Darasa la nne hilo linasumbua!"

Na Mama, bila kuinua kichwa, akasema, "Amesoma vizuri. Mimi nilikula mapishi yake."

Walicheka, Tata. Juu ya kaburi lako walicheka mpaka mchungaji akageuza uso. Mimi sikuweza kucheka.

Tulipokuwa tunasugua vyungu nikamuuliza Mama amejua tangu lini. Akasema tangu Wazungu wa mwanzo mwanzo, mpishi mzuri harudishwi kila mlango. Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema, "Ningemwambia, angekaa hapa akinitazama nalima. Afadhali alipokuwa anatembea." Nikamuuliza, na shule yangu? Akaendelea kusugua chungu ambacho kilikuwa kimeshatakata.

Kwa hiyo karani alijua, na Mama alijua, na kila Mzungu aliyekurudishia barua alijua. Tuliosadiki ni wewe na mimi. Huyo Bwana wako simkasirikii, aliandika alichokula. Nawakasirikia walionyamaza, na nakukasirikia wewe uliyecheka kabla hujasikia mwisho. Sijamsamehe mtu bado. Najaribu, baadhi ya siku.

Lala salama, Tata. Barua yako sikuichoma. Koku nimemfundisha upya, neno kwa neno. Alilia, akasema Babu hawezi kukosea, nikamshika mpaka akanyamaza, kisha nikamwambia arudie, akarudia. Ninakuahidi jambo moja: huyu hatangoja kazi ya mtu yeyote ndipo aende shule. Ukoo umeshanionyesha fungu langu, migomba yangu na kahawa yangu, na jembe ninalo mimi.

Darasa la nne walitufundisha kwamba mtoto aliye bwenini humalizia barua yake kwa mzazi kwa kutaja mahitaji yake. Bweni sikulifikia, hivyo sehemu hiyo sikuwahi kuiandika. Naiandika sasa, kwa mpangilio waliotuonyesha. Bado nahitaji unitumie: ada ya darasa la tano. Sanduku la bati lenye kufuli. Blanketi moja. Daftari nne za mistari. Kalamu za risasi mbili. Sabuni mche mmoja. Na gauni la shule, la bluu, la kimo changu cha wakati ule.