Galoni la Baba kwenye friji

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Unamjua wifi yangu mpya, mke wa kaka, mikono haimtulii. Leo kaamua kusafisha friji. Kakuta galoni lina kitu cha njano, kakimwaga chote kwenye sinki.

Shoga, ule ulikuwa mkojo wa Baba. Mkojo wa saa ishirini na nne. Daktari anautaka wote aone kama kisukari kimegusa figo. Wiki nzima Baba halali kwa hofu, lakini kwa haya zake hakuandika chochote kwenye galoni.

Zilibaki dakika arobaini saa hizo zitimie. Arobaini tu.

Baba huyu asiyetamka hata "choo" mbele ya wakwe, kasimama sebuleni penye wageni wanane: "Nani kamwaga mkojo wangu?"

Wifi kapiga magoti: "Ni mimi, Baba, nisamehe. Nilidhani juisi. Nikaonja kwanza, nikaona imeharibika."

Kaonja, shoga. Kasema kaonja.

Mama kajifunika uso na khanga. Baba kamtazama mkwewe weee, halafu kamwinamia, kamuuliza polepole: "Ilikuwa na sukari?"

"Hapana, Baba. Chumvi tu."

Baba kashusha pumzi ndefu. "Mpeni mwanangu maji ya kusukutua," kasema, kisha kaenda kulala.