Pilau ya Arubaini ya Bibi

Jumanne, 28 Machi 2006
Asubuhi soko la Liuhua, kutafuta viatu vya watoto vya kuuza Mombasa. Bosi mmoja wa duka kanirushia "meiyou", hakuna kwa Kichina, kabla sijamaliza kuuliza. Nikaenda kwa jirani yake. Mchana kwa wakala wa mizigo, jengo la Tianxiu. Miguu imevimba.

Mama kapiga simu. Jumapili ni arubaini ya Bibi. Wao watasoma hitima Mombasa, nami nisome huku. Mazishi sikuwahi. Hii siikosi. Na nataka watu wale pilau ya Bibi, ya kupaliwa makaa juu ya kifuniko. Si nyingine.

Jumatano, 29 Machi
Nimemuwaza Bibi siku nzima, wala si kwa huzuni. Aliolewa msichana mdogo, akaishi mpaka akapakata vitukuu. Hakuajiriwa. Malindi ndiyo safari yake ndefu. Kazi yake nyumba. Alilea wanawe, kisha sisi wajukuu, kisha watoto wa jirani waliokuja kucheza wakasahau kwao. Jikoni hakutaka mtu. Mimi alinivumilia kwa sababu ni king'ang'anizi. Ukifunua sufuria kabla hajasema, kofi la mkono. Akinitania, eti nikiolewa mume wangu atafunga Ramadhani mwaka mzima. Nilimpenda sana. Naandika haya huku nacheka peke yangu kama chizi.

Ijumaa, 31 Machi
Taabu. Wanjiku wa Nairobi, ninayepanga naye hapa Sanyuanli, kanikumbusha kwamba mama mwenye nyumba amekataza makaa. Gesi tu. Naye Wanjiku eti wali ni wali, nipike nimalize. Nimemwambia mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Bila makaa juu, pilau ile haikauki.

Nimenuna. Msikitini nimeshaalika wanafunzi wa Tanzania na Wakenya wenzangu, wote wameitikia. Sasa niwalishe mashendea ya majimaji kwa jina la Bibi?

Jumamosi, 1 Aprili
Nyama kwa bucha la Waislamu wa Kichina, Xiaobei. Wachoma mishkaki wa hapo hapo wamenipa mfuko wa makaa. Nitapalia. Liwalo na liwe.

Jumapili, 2 Aprili
Moshi umenisaliti. Nimewasha makaa roshani, kwenye sufuria kuukuu, mara mlango unagongwa. Mama mwenye nyumba, uso umefura. Kichina changu ni cha bei na saizi za viatu. Nimesema nilichoweza: nainai, yaani bibi, amekufa, leo chakula chake. Machozi yakanitoka, sikuyapanga.

Akashuka. Nikajua anakwenda kuita mlinzi. Karudi na ndoo ya bati, ile anayochomea makaratasi kwa ajili ya wazee wake waliokufa. Siku zao za kuwakumbuka zimekaribia. Alidhani nami namchomea Bibi makaratasi. Sikuweza kumweleza. Nimeshukuru tu, nikahamishia makaa humo yakakolea salama, kisha bismillahi, nikayachota nikayapanga juu ya kifuniko. Yeye kasimama anatazama, haelewi kabisa moto unatafuta nini juu ya sufuria.

Hitima imesomwa. Pilau imetoka chembe chembe, kavu, inanukia iliki. Wanafunzi wamefuta sinia. Wanjiku kakubali kwamba wali si wali. Mama mwenye nyumba kala, kaomba tena. Nimefurahi mpaka nimechoka.

Jumatatu, 3 Aprili
Mvua. Sikutoka.

Mama kapiga simu. Hitima yao ilijaa watu, alhamdulillahi. Lakini walikodi wapishi, na gesi yao. Katika watu wote wa nyumba ile, hakuna anayeiweza pilau ya Bibi. Akaniuliza niliipikaje. Nikamweleza taratibu, kuanzia kitunguu mpaka makaa. Nilidhani simu imekatika, kumbe analia.

Kisha akacheka kidogo. Ameniomba nikirudi nimfundishe. Mama yangu, binti wa Bibi wa kumzaa, aniombe mimi.

Nimemwambia nitamfundisha. Halafu nimelala mchana, mvua ikinyesha.