Kipa Asiyejua Leo ni Siku Gani

Kambini, 3 Machi

Mama mpendwa,
Shikamoo. Mimi sijambo, hofu ni kwenu. Mguu wa baba unaendeleaje? Juzi mazoezini niliruka kudaka kona, kichwa kikagonga nguzo ya goli. Wanasema nilizimia kidogo. Kocha akanimwagia maji: "Kipa wa kweli haogopi nguzo!" Nikaendelea. Usijali, ni mwanga tu unaniumiza macho. Jumamosi ni fainali, na wateuzi wa timu ya taifa watakuwepo. Mguu wa baba unaendeleaje?
Mwanao, Kipa

Nyumbani, 6 Machi

Kipa wangu,
Marahaba. Sisi wazima, ila moyo hautulii. Umeuliza mguu wa baba yako mara mbili katika karatasi moja. Nimeacha mashuka ya hospitali kwenye mashine ya kufulia, nikapanda na barua yako hadi wodini. Daktari kaisoma akiwa amesimama wima. "Asicheze. Akigongwa tena kabla ubongo haujapona, anaweza asiamke."
Mwambie kocha. Akikataa, vua glavu. Usiogope kunyimwa namba, nisije nikabakiwa na namba ya jezi tu. Naomba ruhusa kazini, msimamizi ananizungusha. Jibu upesi.
Mama

Kambini, 12 Machi

Mama,
Shikamoo. Anayeandika ni beki wangu, Kisiki. Mimi nasema tu, macho bado hayawezi. Nilimwambia kocha. Akacheka: "Kocha ni mimi au mama yako?" Nisamehe, Mama, nilivaa glavu. Uwanjani nikaona mipira miwili. Nikamuuliza Kisiki tunashambulia upande gani. Akanitazama, akaketi chini katikati ya uwanja. Wengine nao wakaketi, mmoja mmoja, kocha anafoka mpaka mate yanaruka. Refa akaja kuniuliza leo ni siku gani. Sikujua. Akanitoa.
Tulifungwa matatu. Wateuzi waliondoka mapema. Nimelia, na sijui nalilia nini zaidi. Daktari wa huku kanizuia mpira miezi miwili. Kocha hanisemeshi, sasa anamnoa kipa wa akiba, yule mdogo.
Mwanao

Nyumbani, 14 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Lia, kisha ulale. Mwambie Kisiki kuanzia leo ana mama wawili. Ruhusa siombi tena. Nakuja kesho na barua ya daktari, na nakala yake nimeipeleka kwa chama cha mpira.
Lakini nieleze, maana usingizi umenipaa: huyo kipa mdogo ana miaka mingapi? Na akigonga nguzo, nani anamuuliza leo ni siku gani?
Mama