Tikiti ya Pweza

Wete, Jumatano. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na shati langu la kazini bado bichi mabegani. Lakini leo mchana nimekula.

Nimekula hotelini, mbele za watu.

Tangu niletwe hapa kuwa karani, mchana nashinda na njaa. Siku hizi za siasa hata hoteli zina upande. Ukiagiza chai kwa sauti, mtu wa meza ya pili anageuka: "Kumbe karani mwenzetu!" Ukikubali umeharibu, ukikataa umeharibu zaidi. Mimi ni mtu wa serikali, tena mwoga. Basi nikawa napita tu, kama mwenye haraka zake.

Bi Time, mwenye hoteli karibu na soko, ana kaka yake baharia, Faki. Karudi na habari ya Japani ambayo siachi kuistaajabia. Mikahawa ya watu wa kawaida kule ina mashine mlangoni, ndefu kama kabati. Unatia sarafu, unabonyeza, inatema tikiti. Unampa mpishi, basi. Hupigi kelele, huulizwi neno.

Faki hajui maandishi yao, na alikuwa akiogopa kulishwa nguruwe. Dirishani huwekwa vyakula vya bandia, kila kimoja na jina lake. Akatafuta bakuli lenye samaki, akalinganisha jina lake na yale ya kwenye mashine, mstari kwa mstari. Muda wote aliokaa kule akala tambi za samaki!

Namwaza aliyebuni mashine ile. Hakika naye alikuwa mtu wa hofu.

Bi Time hana mashine. Kapigilia misumari mlangoni, katundika tikiti za kadibodi alizochora mwenyewe: pweza, samaki, muhogo. Unatia pesa koponi, unachukua picha ya unachotaka.

Leo nikachukua pweza. Nikaiweka tikiti mbele ya Bi Time, kimya kama Mjapani, nikaenda kukaa pembeni.

"We mwana we!" Bi Time akapaza sauti, hoteli nzima ikageuka. "Tikiti imekuagizia pweza. Na kuniamkia je, nako ni kazi ya tikiti?"

Watu wakaangua kicheko. Nikarudi, nikasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo huko kwenu Wingwi?"

Hajambo. Na baba hajambo. Na mbuzi wamezaa. Nilijibu yote, na ulimi haukukauka.

Ndipo mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha akauliza: "Ati karani, wewe wa upande gani?"

Bi Time akainua tikiti yangu juu. "Wa pweza huyu. Hamwoni?"

Wakacheka tena, yule mzee kuliko wote, nami nikala mpaka nikafuta sahani kwa kidole.

Kesho nitarudi, na nitaanza na shikamoo. Lakini siku Bi Time asipokuwepo, mzee yule akaniuliza tena, nitajibu nini?